Laptopu inazima yenyewe, na ni Julai, na watu wamevaa masweta

Ilikuwa Jumanne moja ya Julai, saa nne asubuhi, pale kwenye kibanda changu cha steshenari Ng'ong'ona, sio mbali na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Binti wa mwaka wa tatu amekaa kwenye stuli pembeni yangu, kashika flashi yake kama kashika yai. Kazi yake ya utafiti ina kurasa 74, tunapanga namba za kurasa, zile za kirumi mbele na za kawaida huku nyuma, na wanaoijua Word wanajua hapo ndo penye shughuli, ukirekebisha huku kunaharibika kule. Nikavuta jedwali moja likae sawa, kioo kikawa cheusi.

Yaani cheusi tii. Hakuna ujumbe, hakuna kile kiduara kinachozunguka, hakuna kuaga. Umeme upo, printa inawaka taa yake ya kijani, redio ya jirani yangu wa chipsi inaendelea na taarabu, laptopu peke yake ndo imekata kauli. Binti akaniuliza taratibu, "Dada, ulisevu?" Nikamjibu nimesevu. Sikuwa nimesevu.

Namshukuru Mungu Word huwa inajitunzia nakala yenyewe kila baada ya dakika 10 kama hujaibadilisha, kwa hiyo tulipoteza kazi ya dakika nane hivi na heshima yangu yote. Siku hiyo hiyo nikaingia kwenye mipangilio nikaiweka dakika 2. Kaiweke na wewe, hiyo haihitaji fundi.

Sasa ngoja niseme ukweli, hiyo haikuwa mara ya kwanza, ilikuwa kama mara ya tano tangu Juni ianze, ila zile za mwanzo zilinikuta peke yangu, na ukiwa peke yako unabonyeza kitufe inawaka unaendelea na maisha. Mashine yenyewe ni ya mtumba, niliinunua laki nne na themanini miaka miwili iliyopita na hela yake ilisharudi zamani. Nilichokuwa nacho kichwani ni virusi. Kila siku flashi za wanafunzi zinaingia zinatoka, utawaza nini kingine? Nikaipeleka mjini kwa fundi mmoja, naye akaniambia lile lile nililotaka kulisikia, virusi hivyo dada, tunapiga Windows upya, elfu ishirini. Nikalipa. Nikarudi na mashine haina fonti zangu, haina draiva ya printa, haina zile barua za kuombea kazi nilizozipanga kwa miaka, na kesho yake saa saba mchana ikazima. Nikampigia. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi hapo ni mazabodi, dada. Andaa laki moja na themanini." Mazabodi ni ile bodi kuu ya ndani. Wenye laptopu mnajua hilo neno linavyoingia tumboni.

Sikwenda. Na wala sio kwa akili, hela haikuwepo.

Kilichonipotosha, na hapa ndo naona aibu, ni hali ya hewa. Kila mtu anajua kompyuta ikipata moto inazima, hilo hata mtoto wa chekechea anakwambia. Lakini Julai Dodoma moto utoke wapi? Asubuhi upepo unapiga mabati, boda wamejifunga mashuka shingoni, maji ya kunawa yanakata vidole, mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,100 toka usawa wa bahari, ndugu zangu wa Dar wakija mwezi huu wanalala na soksi. Nikawa najiambia kama ni joto si ingezima Novemba ile, jua likiwa la kupasua utosi? Nikalifuta joto kabisa kwenye mawazo yangu. Nilichosahau ni kwamba msimu wa upepo ndo msimu wa vumbi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo usitegemee tone, na ile ardhi nyekundu inakauka inakuwa unga. Unafuta kaunta saa mbili, saa tatu unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Laptopu nayo iko hapo hapo juu ya kaunta, inavuta hewa kutoka asubuhi mpaka jioni, na hewa yenyewe ndo hiyo.

Aliyenitoa kwenye virusi na mazabodi ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alisoma pale CIVE, ndaki ya kompyuta ya UDOM, na siku hizi yuko kwenye ofisi mojawapo kule Mtumba, kwenye mji wa serikali. Jumamosi alikuja kula, nikamweleza katikati ya ugali na mlenda. Nilitegemea aniombe mashine aiangalie. Hakuomba. Aliniuliza tu, "Inazima ukiwa unafanya nini, shem?"

Nikamwambia inazima tu.

"Hamna kitu kinazima tu. Tena kuna kuzima na kuna kukatika, ya kwako ipi?"

Akanieleza, na nadhani hiki ndo kitu kikubwa nilichopata kwenye hadithi hii yote kwa hiyo nakiandika taratibu. Kuzima ni pale ambapo kuna mtu au programu imetoa amri, yaani Windows inafunga madirisha, inaandika kumbukumbu zake, inaaga, ndo inalala. Masasisho ya Windows yanafanya hivyo, wewe unarudi toka chooni unakuta mashine inajiwasha upya unadhani ni ugonjwa. Kukatika ni kingine, ni kama mtu amechomoa waya na betri kwa mpigo, Windows yenyewe haikujua kilichotokea mpaka ilipoamka. Ukishajua ni ipi kati ya hizo mbili umeshapunguza nusu ya washukiwa kabla hujatoa hata shilingi.

Halafu akanipa kazi ya siku tatu. Chukua daftari, kila ikizima andika saa, ulikuwa unafanya nini, imekaa muda gani tangu uiwashe, chaji ilikuwa imechomekwa au haikuchomekwa, na uweke kiganja chini yake useme ni ya moto au ya baridi. Nilimwona ananichezea. Ila nikaandika, kwenye nyuma ya daftari la madeni ya fotokopi, na Jumanne jioni nilipolisoma lile daftari nikaona kitu ambacho miezi miwili nilikuwa nakiishi bila kukiona. Nikiiwasha ikiwa imepoa haikuwahi kuzima ndani ya nusu saa ya kwanza. Haikuwahi kuzima nikiwa naandika barua ya kawaida. Mara zote nilikuwa nimefungua PDF nzito zile za kuskani, au naprinti huku mwanangu anaangalia katuni kwenye dirisha lingine. Feni ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Na nikiiwasha hapo hapo inazima tena baada ya dakika tano sita, lakini nikienda kunywa chai nikarudi, inakaa hata saa nzima. Nilipomsomea hiyo ya mwisho kwenye simu shem akacheka, akasema "Haya, nakuja."

Alipokuja alianza na kumbukumbu za Windows zenyewe. Unaandika Event Viewer pale kwenye sehemu ya kutafutia, unaingia Windows Logs, halafu System, na ukifika huko usiogope, kuna alama nyekundu na za njano nyingi hata kwenye kompyuta nzima kabisa. Tulikuwa tunatafuta namba. 1074 ndo ya kuzima kwa amri, inakutajia mpaka programu iliyoagiza. Ya kwangu kwenye zile saa za kwenye daftari haikuwepo hata moja. Zilizokuwepo ni 41, ile wanayoiita Kernel-Power, na 6008, na zote mbili Windows inaziandika ikishaamka, ikigundua kwamba mara ya mwisho haikufungwa vizuri. Watu wengi wakiiona hiyo 41 wanakimbilia kununua adapta au betri kwa sababu ya hilo neno Power, yaani umeme. Shem akasema 41 ni cheti cha kifo kisicho na sababu ya kifo, kinakwambia marehemu kafariki, basi. Tukalinganisha saa za 6008 na za daftari langu, zikafanana.

Kisha akafanya kitu ambacho kama ningekijua mapema elfu ishirini yangu ingekuwa mfukoni. Aliiwasha akabonyeza F2 (nyingine ni F10, nyingine Delete, inategemea mashine) tukaingia kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijaamka. Akaiacha hapo. Tukaendelea na maongezi, akanieleza kwa nini havumilii basi la asubuhi la kwenda Mtumba, mara ikakatika. Dakika kama 25 hivi. Sasa pale Windows haipo, haijaguswa, virusi vya kwenye flashi havipo, ni chuma kitupu na umeme. Kilichozimika pale hakiponi kwa kupiga Windows upya hata ukiipiga mara kumi.

Ndo akainyanyua mashine kuigeuza, akaona kitambaa.

Mama yangu anadarizi. Nyumbani kwangu kila kitu kina kitambaa, redio, friji, kochi, na alipokuja kuniangalia kibandani akaniletea kimoja cheupe chenye maua nikakitandika chini ya laptopu isikwaruzwe na kaunta. Matundu ya kuvutia hewa ya hii mashine yako chini. Nilikuwa nimeiziba pua kwa mapenzi ya mzazi, na kile kitambaa tulipokikung'uta nje lilitoka wingu. (Mama hajaambiwa. Kitambaa sasa kiko juu ya printa.)

Kukitoa kitambaa peke yake haikutosha. Shem akaniwekea HWiNFO, ni programu ya bure, inasoma joto la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Ikiwa haifanyi kitu ilikuwa nyuzi 71. Nikafungua PDF ya kurasa 200 nikaanza kuteremka, tukaona namba inapanda kama mita ya bodaboda, 88, 93, 97, mashine inaanza kuwa nzito. Prosesa nyingi za laptopu kikomo chake kiko kwenye nyuzi 100 hivi. Ikikaribia hapo inapunguza mwendo yenyewe ili ipoe, kwa hiyo ule uzito niliokuwa naudhani ni virusi ulikuwa mashine inajihurumia, na joto likigoma kushuka inajikata isije ikaungua. Ndo maana haiagi.

Wadau, tukaifungua. Hapa sitawaandikia kila skrubu kwa sababu mashine hazifanani, tafuta video ya toleo lako. Nitasema yale yaliyotaka kutushinda. Skrubu hazina urefu mmoja, na ndefu ukiipeleka kwenye tundu la fupi unaweza kutoboa kisichotobolewa, kwa hiyo tulichora umbo la laptopu kwenye karatasi tukawa tunaweka kila skrubu mahali pake juu ya mchoro. Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa plagi ya betri. Na picha, piga picha kila hatua, simu unayo.

Feni yenyewe ilikuwa na vumbi la kawaida tu la kupangusa, ningeishia hapo ningefunga nikasema nimesafisha. Shem akachomoa feni, akanionyesha nyuma yake, pale upepo unapotokea kupita kwenye zile chane nyembamba za kipoozeo. Kulikuwa na blanketi. Sio vumbi la kupuliza, ni blanketi kabisa, la rangi ya udongo wetu, limeshikana na nyuzi za kitambaa na nywele, nikalishika kwa kibano likatoka zima kama mkeka. Feni ilikuwa inalia usiku na mchana inasukuma upepo kwenye ukuta.

Hapo hapo tukakuta na lingine. Kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa kinashikwa na skrubu nne, za kwangu zilikuwa tatu. Aliyeifungua kabla haijawa yangu alibakiwa na moja, au aliidondosha, na ndo mtumba huo, unanunua na historia ya mtu. Upande mmoja kulikuwa kumeachia kidogo, na ile pesti ya kijivu ya katikati inayopitisha joto ilikuwa imekauka kama ukoko. Skrubu tuliipata kwa fundi redio mmoja wa Majengo kwenye kopo lake la makorokoro, hakutaka hela, akasema lete soda. Pesti mpya elfu saba. Ile ya zamani tuliifuta kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, ile ya asilimia 90 na kwenda juu, na mpya unaweka kama punje ya mchele katikati, sio unapaka kama siagi kwenye mkate.

Kuna mteja alishanishauri niipeleke kwa mziba pancha aipulize na kompresa yake. Tafadhali msifanye hivyo. Ule upepo una nguvu kupita kiasi na mara nyingi unakuja na maji na mafuta ndani yake. Brashi laini ya rangi inatosha, na hata ukitumia kile kipulizio kidogo cha mafundi, shikilia feni kwa kidole isizunguke, ikikimbizwa kuliko uwezo wake beringi zinakufa.

Tulipofunga, ikiwa haifanyi kitu nyuzi 48. PDF ile ile ya kurasa 200, 74. Nilikaa naiangalia ile 74 kama matokeo ya mtoto. Adapta tulishaicheza kwenye tundu lake tangu mwanzo, haikuwa imelegea. Ramu, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, tuliipima usiku kwa kile kipimo cha Windows chenyewe, haikuonyesha kosa. Elfu saba na soda.

Wiki mbili raha mustarehe, nikaanza kutamba kwa majirani. Halafu Agosti, saa moja na nusu asubuhi, baridi kali, nimeiwasha bila chaji kwa sababu soketi ilikuwa na birika, betri inaonyesha asilimia 41. Ikakatika.

Mi nilikaa chini. Nikawaza mazabodi, nikawaza laki moja na themanini. Ila lile daftari lilikuwa bado liko pale kaunta nikalivuta tu kwa mazoea nikaandika, na nilipofika kwenye safu ya joto nikaweka kiganja chini: baridi kama jiwe. Feni haikuwa imelia hata kidogo. Dakika sita tangu niiwashe. Chaji haijachomekwa. Hakuna hata kimoja kilichofanana na zile za Julai, yaani huyu ni mwizi mwingine. Nikachomeka chaji nikaiwasha, betri inasoma asilimia 5. Toka 41 mpaka 5 ndani ya dakika mbili?

Safari hii sikumpigia mtu. Kuna amri unaandika kwenye Command Prompt, powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti na kukuonyesha imeihifadhi wapi, unaifungua kama ukurasa wa intaneti. Unatafuta mistari miwili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake ikijaa sasa hivi. Ya kwangu ilitoka na 47,520, sasa ikijaa kabisa inafika 16,900. Theluthi moja na kidogo. Betri ikichoka hivyo asilimia unazoziona zinakuwa za kukisia, mashine ikiomba nguvu ghafla betri inashindwa, giza. Na iliyoichosha sehemu kubwa ni lile joto, maana betri haipendi kukaa kwenye moto, na ya kwangu ilikaa jirani na nyuzi 90 kwa muda nisioujua. Kwa hiyo hata betri nayo naiandika kwenye deni la vumbi na la kitambaa. Nimeikagua kama haijavimba, haijavimba, ila ikianza kuvimba na sehemu ya kugusia ikainuka naitoa siku hiyo hiyo, na sitaitoboa wala kuibonyeza, zile zinawaka moto.

Mpya wanataka elfu themanini na tano mjini, naitafuta mwisho wa mwezi wanafunzi wakianza kurudi. Kwa sasa inaishi kwenye waya, umeme ukikatika na yenyewe inakatika na mimi nasevu kama mtu mwenye kwikwi. Juu ya soketi nimebandika karatasi ya A4, maandishi makubwa mekundu, USICHOMOE, kwa sababu huyu jirani wangu wa chipsi ana tabia ya kuja na simu yake yenye asilimia mbili akiniambia "dada dakika moja tu", na jana alichomoa, nikamwonyesha karatasi, akasema alidhani naongelea printa.